Kampuni Mbili, Mizani Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa vitu vitatu: ufunguo wa kibanda cha bati, redio ya kuongea na marubani, na mizani ya kupimia magunia. Aliyenikabidhi alikuwa Mkuu wa Kituo, ambaye kesho yake alikuwa anahamia Mbeya. Alinitazama nilivyovaa tai, akacheka.

"Kijana, watu wanadhani kazi hii ni ya ndege," alisema. "Ni ya uzito. Ukishajua uzito wa kila kitu, umemaliza kazi yote."

Ninyi mnaoajiriwa leo mtakuta lami na jengo la vioo. Sisi uwanja wetu wa Sumbawanga ulikuwa wa changarawe, na asubuhi tulianza kwa kuwafukuza ng'ombe. Nchi yetu ya Ufipa iko juu sana. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua likipanda inazidi kuwa nyepesi, hivyo ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Njia yetu ya kurukia haikuwa ndefu. Kwa hiyo ndege zetu ndogo za abiria kumi na wawili ziliondoka mapema, na kila abiria alipanda mizani pamoja na mkoba wake. Nilijaza uzito huo kwenye lodishiti, yaani karatasi inayoonyesha nani akae mbele, nani nyuma, na kapu gani libaki. Rubani akisharidhika na karatasi hiyo alitia saini, ndipo injini ikawashwa.

Kampuni zilikuwa mbili. Yetu ilikuwa na ndege zenye mkia wa kijani, ya wenzetu mkia mwekundu. Watu wa mjini waliziita hivyo tu, Kijani na Nyekundu. Kibanda cha Nyekundu kilikuwa hatua ishirini kutoka changu, na mtu wake aliitwa Kasiano. Tulilingana umri. Alizaliwa Laela, ambako baba yake alinunua mahindi na ulezi, na yeye alikulia kati ya magunia. Mimi nilikuwa nimesoma seminari ndogo miaka minne kabla ya kuona kwamba sikuitiwa upadri, na Kasiano hakuniacha nisahau.

"Baba Padri!" alipiga kelele kutoka kibandani kwake kila asubuhi. "Leo umewaombea wangapi wapande Nyekundu?"

"Nimekuombea wewe upande mizani," nilimjibu. Alikuwa mnene.

Tulishindana kweli. Nyekundu wakipunguza nauli, wiki iliyofuata tulipunguza sisi. Wao walipoanza kugawa chai na maandazi, sisi tuliruhusu kapu la migebuka wakavu, samaki wa Ziwa Tanganyika, bila malipo. Lakini mizani tulitumia moja, ile yangu, kwa sababu ya kwao ilivunjika springi na haikuletwa nyingine. Ndege ya mmoja wetu ikiharibika, mwenzake alichukua abiria walioachwa. Hakuna aliyetuagiza kufanya hivyo. Mtu aliyetoka Namanyere au Chala na mgonjwa wake usingemwambia arudi kwa sababu ya rangi ya mkia.

Sasa nieleze jambo ambalo aibu yangu imekaa ndani yake.

Wazee wetu hawakupenda mizani ile. Waliijua tangu zamani, ni ya mazao. Mtu mzima mwenye wajukuu kusimamishwa juu ya bati mbele ya watoto wa watu, na kijana kusoma namba kwa sauti, kwao ilikuwa kudhalilishwa. "Mimi si gunia," walisema, wakakaa chini. Kitabu cha kazi kilisema apimwe kila mtu. Kasiano alikuwa na njia yake. Alimsogelea mzee, akampa shikamoo, akamshika mkono na kiwiko kama anayemsaidia kupanda ngazi, akatembea naye hatua chache. Akirudi alisema, "Hamsini na nne." Aliongeza kilo tano za tahadhari, akaandika. Mara kadhaa mzee alibadili mawazo akapanda mizani, nasi tukaona Kasiano amekosea kilo moja, au hakukosea kabisa.

Mimi sikuwa na kipaji hicho. Wazee wa Kijani walipokataa, nilimwita Kasiano aje awashike mkono, nami nikaandika alichosema kwenye lodishiti yangu, kwa mwandiko wangu. Hata mama yangu mzazi alipimwa kwa mkono. Alipougua na kupewa rufaa kwenda Dar es Salaam, ndege yetu ilikuwa kwenye matengenezo, akapanda Nyekundu. Alipoiona mizani alivuta kanga yake.

"Mnanipima kama ulezi?"

"Hapana, mama," Kasiano alisema. "Shikamoo. Nipe mkono tu, ngazi hii ina utelezi."

Ngazi haikuwa na utelezi. Mama alikwenda akiwa na heshima yake, na akarudi mzima, Mungu ashukuriwe. Mwaka huohuo Kasiano na mkewe walipata binti, Agnesi, nami nikawa baba yake wa ubatizo.

Miaka mingi baadaye redio ilitangaza kwamba kampuni zetu zimeungana. Sisi tulisikia pamoja na wauza karanga. Barua ya makao makuu ilikuja baadaye, imejaa maneno ya nguvu moja na huduma bora. Mikia ikapakwa rangi ya bluu. Kisha akaja Meneja wa Kanda kutoka Mbeya, mtu mpole mwenye viatu visivyofaa kwa vumbi letu.

"Kituo kimoja, mtu mmoja," alituambia sote wawili. "Sijui ni nani. Nimekuja kutazama."

Siku hizo Kasiano alikuwa anajenga nyumba huku mjini, ng'ambo ya soko, na ukuta ulikuwa umefika kwenye linta. Mimi nilikuwa na watoto wanne shuleni. Kila mmoja alijua hali ya mwenzake. Tulikunywa chai yetu bila utani.

Mchana Meneja aliniita peke yangu. Aliuliza juu ya redio na ratiba. Kisha akafunga daftari.

"Mwenzako ana kasoro gani?"

"Hana, mzee. Ni mfanyakazi mzuri."

"Hakuna asiye na kasoro. Nimeambiwa wewe ni mtu wa sala, unasoma masomo kanisani. Ndiyo maana nakuuliza wewe, sikumuuliza yeye. Mtu wa Mungu hasemi uongo."

Nimeifikiria sentensi hiyo maisha yangu yote yaliyobaki. Angenitisha ningekataa. Angenipa kitu ningekataa pia, tena kwa kiburi. Alinisifu kwa ucha Mungu, nami nikataka kustahili sifa hiyo. Nikasema kwamba abiria wazee hawapandishwi mizani, hukadiriwa kwa kushikwa mkono. Akanipa karatasi niandike. Niliandika mistari minne kwa mwandiko safi, nikatia saini.

Kila neno lilikuwa kweli. Wala kosa halikuwa dogo, maana ndege ikizidiwa uzito kwenye uwanja wa juu kama wetu, watu hufa. Lakini sikuandika kwamba nami nilifanya hivyo kwenye karatasi zangu. Sikuandika kwamba mizani ilikuwa moja kwa sababu kampuni haikuleta ya pili. Sikumwandika mama yangu. Nilimpa Meneja nusu ya ukweli, na nusu niliyobaki nayo ndiyo iliyonipa kazi.

Kasiano alipewa barua baada ya wiki mbili. Alikuja kibandani kwangu, akanipa mkono.

"Basi, Baba Padri. Ubaki salama. Mizani hiyo uipake grisi, masika ikifika inashika kutu."

Alirudi Laela na familia yake, akashika biashara ya baba yake ya kununua nafaka. Nyumba ikabaki kwenye linta.

Baada ya hapo niliona kwa macho yangu muungano ule unavyokula. Kwanza safari zilipungua, nne kwa wiki zikawa mbili. Nauli ikapanda mara mbili katika mwaka mmoja. Chai iliondoka, migebuka wakaanza kulipiwa kama abiria. Nilimwandikia Mkurugenzi wa Biashara kwamba watu wanalalamika. Alinipigia simu akicheka.

"Walalamike. Sasa wataenda wapi?"

Walikwenda kwenye mabasi. Ndege ikiharibika hakukuwa na jirani wa kuwabeba, basi mgonjwa alizungushwa kupitia Tunduma, siku nzima barabarani. Nami niliwapandisha mizani wote, bila kumbakiza mtu. Mzee mmoja wa Chala, baada ya kusomewa uzito wake, aliniuliza, "Yule kijana aliyekuwa anatusaidia ngazi yuko wapi?" Nilimwambia amehama.

Mwishowe kituo kilifungwa kwa kukosa abiria, nami nikapewa barua yangu. Niliisoma mara mbili. Kasiano aliwahi kunionyesha yake, na maneno yalikuwa yaleyale, limebadilishwa jina tu. Hivyo ndivyo nilivyostaafu.

Niliungama, tena mapema. Padri alinisikiliza, akanipa malipizi, kisha akauliza, "Kasiano naye umemwambia?" Nilisema nitamwambia. Nilisali rozari, nilifundisha watoto wa komunyo ya kwanza, nilifunga kila Kwaresima, na kila Kwaresima nilisema nitakwenda Laela. Wakati huo wote, kila Krismasi, kondakta wa basi aliniletea ndoo ya maharage kutoka kwa Kasiano. Tuliyapika, tukamshukuru Mungu kwa rafiki mwaminifu. Mke wangu alishukuru kwa moyo safi. Mimi nilitazama sahani.

Mwaka juzi, wiki ya mwisho ya Kwaresima, nilipanda basi. Nilimkuta Kasiano mbele ya ghala lake, miwani puani, mizani imening'inia kwenye boriti. Amekonda.

"Baba Padri! Simama hapohapo." Akanitazama juu mpaka chini. "Sitini na tatu. Umezeeka, ulikuwa sabini na moja."

Sikucheka. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kuanzia kufungwa kwa daftari hadi saini. Alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Meneja alinionyesha ile karatasi siku ileile," alisema. "Mwandiko wa seminari nisiujue?"

"Ulijua? Na maharage?"

"Nilikuwa natuma ili siku moja uone haya uje. Kumbe wewe ulikuwa unakula tu."

Alicheka yeye. Nilitafuta pa kukaa, nikakaa juu ya gunia.

"Nisamehe, Kasiano."

"Mimi nilimaliza zamani. Mama Agnesi ndiye hajui." Alishusha sauti. "Wiki niliyopewa barua Agnesi alikuwa anapokea Kipaimara, na wewe baba yake wa ubatizo ulitakiwa usimame naye mbele ya Askofu. Ningemwambia mama yake, ungesimamaje? Nikamwambia nimeacha kazi mwenyewe, nimechoka kutumwa. Hajanielewa mpaka leo. Kila tukipita na basi pale mjini anaitazama ile nyumba, anasema, mwanaume aliyeacha mshahara kwa kiburi. Yuko uani. Nenda kamwambie."

"Twende wote."

"Hapana. Ulikwenda peke yako kwa Meneja. Nenda peke yako."

Mama Agnesi alikuwa anapepeta ulezi. Alifurahi kuniona, akataka kuinuka aandae chai. Nikamwomba asiinuke. Nilimweleza taratibu, na safari hii sikuacha nusu. Nilimtaja mama yangu. Nilitaja mwandiko wangu kwenye zile lodishiti. Nilipomaliza hakunitukana, na ningependa angenitukana. Aliuweka ungo chini, akanipita, akaenda ghalani kwa mumewe. Alimwambia maneno machache kwa Kifipa, sauti ikikatika. Niliyasikia. Si yangu kuyaandika.

Kasiano alinisindikiza hadi stendi. Mama Agnesi hakutoka.

Mnaniuliza, ninyi vijana, kama kampuni zikiungana tena mfanye nini. Juu ya nauli na ratiba sina la kuwafundisha, hayo huamuliwa mbali. Lakini siku hiyo ataitwa mtu mmoja chumbani aulizwe juu ya mwenzake, na ataulizwa kwa upole. Ombeni neema msisifiwe siku hiyo.

Krismasi iliyofuata maharage hayakuja. Nilijaza ndoo yetu ulezi wa shamba langu, nikampa kondakta. Baada ya siku tatu aliirudisha. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, hata kama ni kutia chumvi kidogo au viazi viwili. Ndoo ilikuwa tupu. Ilikuwa imeoshwa vizuri sana, imefutwa, na mfuniko umefungwa kwa kamba. Mke wangu aliuliza wamekosa nini cha kutia. Nilimwambia hawakukosa kitu, nikamwonyesha jinsi ilivyooshwa.

Krismasi iliyopita niliijaza tena. Imerudi tupu, safi. Mwaka huu ulezi umestawi, Mungu ashukuriwe, na ndoo iko pale mlangoni.