Ndizi Zilizonona Juu ya Karo

Wakati serikali inahimiza kila kaya ichimbe choo, mimi tayari nilikuwa na choo cha kuvuta maji ndani ya nyumba. Kijijini kwetu Lufingo kote hakukuwa na cha pili. Darasa nililoishia ni la pili, lakini migodi ya Sauzi ilinifundisha zaidi ya walimu wote wenye kaptula zilizopigwa pasi. Basi bwana afya wa wilaya alipotangaza kwamba mkubwa wa mkoa atakuja kuchagua nyumba ya mfano, nilicheka. Achague nini? Afike, atie sahihi, anywe chai.

Nilipokijenga choo hicho, fundi wa karo, yaani shimo la kupokea maji machafu, nilimtoa Tukuyu mjini, mzee wa kanzu ambaye wazazi wake walitoka pwani. Akataka tufunike kwa zege, tena tuchimbe shimo la pili ambamo maji yatazama ardhini.

"La nini?" nikamuuliza. "Ardhi hii inakunywa mvua mwaka mzima, itashindwa na mimi na mke wangu?"

"Mzee, mvua haina kinyesi."

"Fundi, mimi nimechimba mpaka joto la chini likaniunguza mgongo. Leo nifundishwe shimo la choo?"

Akakusanya vyombo vyake, akanitakia siku njema. Nikamaliza mwenyewe: magogo juu ya karo, udongo juu ya magogo, migomba juu ya udongo. Kwetu nyumba isiyozungukwa na migomba ni ya mvivu.

Na migomba ile ikazaa! Mikungu ya kubebwa na watu wawili. Watu wa Kisondela, ambao kwa ndizi hawamsifu mtu, walikuja kuomba machipukizi. Kiangazi kwingine kote majani yamepauka, pale nyuma ya nyumba yangu nyasi mbichi kama za Machi. Nikawaambia siri ni mkono wa mpandaji. Wakaamini. Nami nikaamini, maana ukishakuwa mjanja kuliko wote, nani atakubishia?

Choo nacho kikaanza kuguna. Ukivuta mnyororo maji yanazunguka, yanasita kama mtu aliyeombwa mchango wa kijiji, ndipo yanashuka shingo upande. Nikamwambia mke wangu vyoo vya kisasa vina sauti zake. Harufu ilipoanza kupanda baada ya mvua, nikalaumu mbuzi wa jirani. Jirani hakuwa na mbuzi, lakini maelezo yalikuwa mazuri.

Aliyejua ukweli ni mmoja, naye hakuruhusiwa kuniambia. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani wala hawasemezani. Kila nikitoka nje nilikohoa, na mke wa mwanangu wa kwanza, akinisikia, alijifunika kanga na kujificha migombani mpaka nipite. Choo changu hakuwahi kukigusa. Atakaaje anapokaa baba mkwe? Basi asiyekitumia ndiye akawa mkaguzi wake, mara nne kwa siku, peku.

Akamweleza mama mkwe wake, na mke wangu akaniletea habari wakati nakula.

"Mkweo anasema kule migombani ardhi inacheza. Miguu inatoka na maji yananuka."

"Rungwe ni mlima wa moto. Ardhi kucheza ndiyo kazi yake."

"Anasema magogo yameoza."

"Ameyaona?"

"Ameyasikia kwa nyayo."

"Nyayo! Mwambie atafute pengine pa kunikimbilia." Nikaomba mchuzi.

Mkubwa wa mkoa akaja, mtu mnene mwenye suti ya mikono mifupi. Akavuta mnyororo mwenyewe. Kwa kuwa tangu jana yake nilikuwa nimekataza watu wote kukitumia, choo kikashusha maji kwa adabu. Bwana afya akatoa kalamu. Ilibaki sahihi tu.

Lakini mimi heshima sitoi nusu. "Mheshimiwa, huondoki bila mkungu," nikasema. Nikachukua panga, nikakohoa, nikamwongoza migombani.

"Tata! Simama! Usikanyage hapo!"

Sauti ile haikuwahi kuniita tata, yaani baba, hata siku moja. Nikamwona mke wa mwanangu, uso wazi, kanga iko chini, mkono ameunyoosha. Jikoni wanawake wakashika midomo. Mguu wangu wa mbele ulikuwa umeshagusa, nikaurudisha. Magogo yakalia, na mgomba mnene kuliko yote ukainama polepole kama unatusalimu, ukazama na mkungu wake. Harufu iliyotoka siielezi.

"Mzee," mkubwa akasema, leso puani, "hii ndiyo nyumba ya mfano?"

"Ndiyo," nikajibu. "Na mfano umeuona."

Nyumba ya mfano ikawa ya mwalimu mmoja mwenye choo cha shimo na kifuniko cha mbao. Sina kinyongo. Kifuniko chenyewe kimepinda, lakini sina kinyongo.

Kilichonitoa jasho ni shangazi zangu. Walifika jioni ile ile, wakasema mke wa mwanangu amevunja mwiko mbele ya wageni, arudishwe kwao. Yaani aliyeniokoa nisifie kwenye mavi yangu mwenyewe ndiye afukuzwe! Lakini desturi yetu ina mlango wake: baba mkwe akimpa mke wa mwanawe ng'ombe, mwiko unaondoka. Nikatoa mtamba, aliyenona kuliko wote zizini. Shangazi nikawapa majogoo wawili, wapate cha kutafuna badala ya mkwe wangu.

Fundi wa Tukuyu akarudi, akachimba mashimo mawili, akafunika kwa zege. Akakusanya vyombo vyake, akanitakia siku njema kama mara ya kwanza. Siku njema ile ilikuwa matusi matupu.

Karo lilipokwisha, mke wa mwanangu alikuja kunisalimu kwa mara ya kwanza. Akapiga magoti mlangoni.

"Ugonile, tata."

"Ndaga, mwanangu," nikaitikia, nikakaa vizuri kitini kusubiri shukrani, maana mtamba yule hakuwa mchezo.

Akainamisha macho. "Tata, bomba la jikoni nalo limeanza kuguna."

Nikaiacha chai yangu mezani, nikaenda kusikiliza.