Shukrani za Mama Hewani

Meneja wetu alikuwa na sheria moja: anayebadilishana zamu na mwenzake bila yeye kujua, wote wawili waende nyumbani wasirudi. Aliitoa baada ya mchana mmoja ambapo redio ilinyamaza kabisa. Aliyepaswa kuwa studio alikuwa amemwomba rafiki amshikie, na rafiki hakutokea. Mto ulikuwa unapanda. Watu wa Kilelengwani, huko mto unakoishia, waliozoea kusikia kwetu maji yamefika wapi huko juu, waliambulia mkwaruzo tu, na wengine wakaanza kuhamisha mbuzi maji yakiwa tayari mlangoni. Kwa hiyo sikuweza hata kuichukia sheria ile. Nilijaribu. Nimetoka chuo kikuu na tabia ya kuuliza kila amri inamfaidi nani, lakini hii nilijua inamfaidi nani.

Mimi nilikuwa bado katika miezi ya majaribio. Nilisoma taarifa ya saa saba mchana na kuendesha kipindi cha salamu kila Jumamosi. Redio yenyewe ni vyumba viwili nyuma ya duka la saruji mjini Garsen, na kati yake kuna kioo. Ndani ni studio, kuta zake zimefunikwa magodoro ya zamani. Nje ni ofisi ya wote, pamoja na meza ya meneja na redio yake ndogo ambayo haizimwi. Niliyefanya naye kazi kwa karibu zaidi alikuwa Muorma mmoja, mtu mzima mwenye watoto, fundi wa mitambo asubuhi na mtangazaji wa lugha yake jioni. Mimi ni Mpokomo wa Ngao: sisi ni wakulima, wao ni wafugaji, na watu wetu wamewahi kuuana kwa ajili ya ardhi na maji. Wageni wakija hutuuliza kwa sauti ya chini kama tunaelewana, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

Asubuhi hiyo ninayoikumbuka, mama alinipigia simu mwenyewe kutoka wodini Ngao. Ule uvimbe wa tumboni aliokuwa apasuliwe wiki iliyofuata, daktari ameamua autoe leo, adhuhuri. Alinieleza kwa haraka, kisha akasema nisije, kazi bado ni mpya. Aliponiambia nisije ndipo nilipojua anaogopa.

Meneja alikuwa njiani kwenda Mombasa mkutanoni. Nilishika simu nikaiweka, nikaishika tena, nikaita pikipiki bila kujua kama nitaipanda. Yule fundi aliniona, akauliza, nikamwambia. Sikuwa namwomba kitu.

"Wewe enda," alisema. "Hiyo ya saa saba mimi nasoma."

Nilimwambia acha kwanza nimpigie meneja.

"Ukipiga akikataa, mimi tena siwezi kukusaidia. Enda kabla hajakataa."

Nilisimama pale nikimtazama badala ya kushukuru. Kwa nini mtu ahatarishe mshahara unaolisha nyumba nzima kwa ajili ya kijana aliyemjua juzi? Nimesoma vitabu vinavyosema hakuna zawadi ya bure, kila kitu unachopewa kina kamba nyuma yake. Nikamuuliza wazi anataka nini.

"Nataka uondoke," alisema. "Huyo wa pikipiki umemwita mwenyewe, anachoma mafuta hapo nje."

Barabara ya Ngao ilikuwa matope meusi, tulishuka mara kwa mara kuisukuma pikipiki. Nilipofika mama alikuwa ameshaingizwa. Nilikaa kwenye benchi, redio ya simu sikioni, nikisubiri taarifa ya saa saba. Ilipofika nikamsikia. Alisoma polepole, Kiswahili chake kikiyumba kama kawaida yake, lakini alipofika kwenye mto alisimama, akarudia maji yamefika wapi, kisha akarudia tena. Nilikuwa na hofu mbili kwa wakati mmoja, moja nyuma ya mlango ule na nyingine sikioni, na kila moja ilinizuia kuishughulikia nyingine. Mama alitolewa jioni akiwa na usingizi, salama. Alipozinduka nilimwambia ni Muorma wa kazini aliyenishikia zamu; habari ya ruhusa sikuigusa.

Kesho yake nilirudi Garsen nikidhani yamekwisha. Mwanamke ninayemnunulia chai akaniambia, huku akimimina, "Jana taarifa yenu ilinuka maziwa." Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Wa pikipiki naye akaniuliza kama nimeuza kazi kwa ng'ombe wangapi. Mji mzima ulikuwa umeisikia sauti ile na kuitambua. Asiyejua alikuwa mmoja tu, kwa vile matangazo yetu hayafiki Mombasa, naye alikuwa anarudi.

Alirudi. Kila alipofungua mdomo nilidhani ndilo hilo. Nilianza kuwa na wasiwasi juu ya yule fundi kuliko juu yangu mwenyewe. Ningefukuzwa, ningerudi kwa mama nipalilie mpunga na kuandika maombi ya kazi. Yeye je? Nilitaka kumshukuru kwa namna inayofaa, na kila namna niliyoifikiria ilihitaji kutamka jambo ambalo halikupaswa kutamkwa ofisini. Basi sikusema kitu. Nilikuwa namletea chai tu, hata asipotaka, mpaka siku moja akauliza kama nataka kumuua kwa sukari.

Jumamosi ikafika. Nilikuwa studio, yeye upande wa pili wa kioo akikagua nyaya, meneja mezani na redio yake. Nilipokea simu ya tatu au ya nne.

"Haloo, redio? Nasikika?"

Sauti niliitambua. Nikamwambia anasikika, nikamuuliza salamu zake ziende kwa nani.

"Wewe, mbona waniuliza kama mgeni? Mimi si mama yako?"

Akaanza. Aliwasalimu wanawake wa wodini, wanakwaya wenzake, jamaa zetu wote wa Ndera. Kisha akasema, "Na yule ndugu wa Kiorma hapo kazini kwenu."

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe. Simu hukatika kila siku kwetu. Ningeikata, nikalaumu mtandao, na hakuna ambaye angeshangaa. Nikainua macho. Yule fundi alikuwa ameacha nyaya. Alinitikisia kichwa: hapana. Alinitikisia tena, kwa ukali kidogo. Nikaondoa kidole.

"Siku ile napasuliwa alikushikia kazi ukaja," mama aliendelea. "Muuguzi aliniambia mle ndani, mwanao yuko nje. Nikalala vizuri. Mungu ampe afya yeye na mifugo yake. Na bosi wenu aliyekupa ruhusa, namshukuru sana. Kuna mabosi ambao chini yao mtu huuguza mzazi wake kwa simu. Huyo ana moyo. Nimemaliza, mwanangu. Umekula?"

Niliweka wimbo. Simu zikaanza kuwaka. Mzee mmoja wa Garsen alitaka naye ampe heko meneja. Mama mwingine akasema viongozi wote wawe hivyo. Nilikuwa napokea huku mlango ukifunguka.

Meneja alisimama kizingitini, yule fundi nyuma yake. Aliuliza, bila kupaza sauti, ni lini alitoa ruhusa hiyo.

"Ulikuwa Mombasa," fundi alijibu.

"Najua nilikuwa wapi."

"Ungekuwa hapa ungempa."

Wimbo ulikuwa unakaribia mwisho, na mimi sikuweza kukumbuka unaofuata. Meneja alimtazama yule fundi, akanitazama mimi, kisha akatazama simu iliyokuwa inawaka.

"Pokea," aliniambia. "Watu wanasubiri." Akarudi mezani kwake.

Jioni nilikwenda Ngao nikamweleza mama yote, kwa kuwa nilikuwa nimejishawishi kwamba alipanga, kwamba kuna akili nyuma ya ile simu. Alinishangaa.

"Kwani hakukupa?"

Nilipomwambia hapana, akakaa wima kitandani, mkono kwenye mshono. Alikuwa ametamka uongo mbele ya watu wote. Alitaka apige tena Jumamosi ijayo arekebishe. Nilimsihi. Nilimweleza kuhusu sheria, kuhusu yule ndugu na watoto wake, kuhusu miezi yangu ya majaribio, na kwamba sijui kama meneja amesamehe au anasubiri tu watu wasahau ndipo atuandikie barua. Kwamba sijui hata kama wema wa kubanwa hivyo ni wema.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Basi bosi wenu akae nazo hizo shukrani," alisema, akajilaza upya kwa uangalifu. "Lakini mwenzako akipatwa na shida, usimshikie kimya kimya. Nendeni wote mkamwombe huyo bosi. Tuone atakataaje."