Mahari ya Mwenye Shanga

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Ndivyo nilivyomjibu Mkuu wa Uchimbaji wa mambo ya kale siku ya kwanza ya kazi, kwenye pango moja nje ya Mwanhuzi, aliponiuliza kama naogopa mifupa ya watu. Nimeishia darasa la nne, nimechunga ng'ombe Lalago, nimebeba marobota ya pamba mpaka mgongo ukawa kama wa punda. Mifupa ingenifanya nini?

Akanipa chekecheke. Vijana mnaosoma hii, chekecheke ni wavu uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao. Unamwaga udongo wa shimoni, unatikisa, kinachobaki ndiyo mali. Wenzangu walibakiza mawe. Mimi nilibakiza shanga za gamba la yai la mbuni, ndogo kama punje ya mtama, zilizotobolewa na watu walioishi hapa kabla ya chuma, kabla yetu sisi Wasukuma. Msimu wa pili nikapewa brashi. Wa tatu Mkuu, mama mmoja msomi wa chuo kikuu asiyecheka ovyo, akanionyesha mraba, yaani shimo lililozungushiwa kamba, unalolishuka tabaka kwa tabaka.

"Huu ni wako," akasema. "Ukiumaliza vizuri, msimamizi wa kambi ni wewe."

Usimamizi ulikuwa mshahara wa mwaka mzima, si kibarua cha kutwa. Niliutaka kuliko kitu chochote.

Katika mraba wangu akatokea mtu amelala ubavu, magoti kakunja. Shingoni hana kitu. Nikashuka na brashi mpaka nyonga, shanga zikatokea, mstari juu ya mstari, zimeuzunguka mfupa. Nikamwita Mkuu.

"Pambo ni kitambulisho," Mkuu akasema. "Linakwambia huyu mtoto, huyu mtu mzima, huyu wa kwetu, huyu mgeni. Ona zilivyolainika. Amezivaa miaka."

Kina mama wa kijiji ndio waliotuletea maji. Mama Holo, mkubwa wao, akachungulia shimoni, akatua ndoo.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kama mama yangu.

Hakuitika. "Nani kazifunua?"

"Mimi."

"Kiunoni?"

"Ndiko zilikokuwa."

"Shanga za kiuno anaziona mume. Basi umeoa, nkwilima." Wenzake wakacheka, nao wakaanza kuniita mkwe. Yeye hakucheka. "Lete mahari."

"Mayu, huyu si wa kwenu. Hata si Msukuma."

"Ndiyo maana. Hana wa kumsemea, wa kwao ni sisi. Mpaka utoe, maji hayaji. Na njia ya pangoni inapita shambani kwangu."

Mkuu alisikiliza yote. "Bajeti yangu haina fungu la mahari," akasema. "Na bila maji, keshokutwa tunafunga kambi."

Angeweza kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kibali chake. Mwingine angemsukuma aende. Mimi si mtu wa kuona shanga za mwanamke halafu nijifiche nyuma ya karatasi. Nikaenda mnadani, nikarudi na mbuzi jike wawili, doti ya kanga na sukari.

Mama Holo akawafungua mbuzi midomo. "Huyu mzee kama wewe."

"Na bibi harusi je?"

Hapo ndipo alipocheka. Akaitandika kanga ukingoni mwa shimo, akaniambia niendelee taratibu, nina ruhusa. Nilizitoa zote, haikupotea hata moja. Usimamizi nikaupata, nikaushika mpaka magoti yalipogoma.

Leo nina nyumba yangu Bariadi, na nikikaa barazani napima wapita njia: mwenye bangili, mwenye mkufu, mwenye kitambulisho cha ofisi kinaning'inia shingoni hata Jumapili. Kila mmoja anatuambia yeye ni nani. Yule wa pangoni jina lake hatukulijua, lakini kijiji kizima kilijua ni mke wa nani.

Siku zile za mahari, habari ilimfikia Minza, mke wangu, kabla sijarudi nyumbani.

"Nasikia umeoa."

"Ni mifupa, Minza."

"Sikuuliza unene wake. Umetoa mbuzi au hukutoa?"

"Nimetoa."

"Basi mke mkubwa anatulizwa."

Akataka kama alivyopewa mwenzake, na mbuzi wake wasiwe wazee, na shanga mpya juu. Mbuzi wanne, doti mbili, sukari mara mbili, shanga za Minza. Yule mke wa pangoni amenigharimu shilingi laki tatu, elfu tisini na saba na mia tano.