Klaveti za Shaba Mbele ya Mama Mkwe

Aibu ninayo mpaka leo, ila afadhali niisimulie mwenyewe kabla ya mashemeji zangu, maana wale hutia chumvi.

Baba yake Mwamini, binti niliyetaka kumwoa, mzee wa Ruashi, alikuwa na baiskeli ya zamani aliyoiendesha ujanani mpaka Kasomeno kununua samaki, na nilipopeleka habari ya posa akanikabidhi hiyo baiskeli, mikono ya pedali ikicheza kama jino bovu, akasema: "Ukirudisha kinga yangu unaipanda, tutasikilizana. Ukiisukuma, hapana." (Kinga kwetu ndiyo baiskeli.)

Klaveti (zile pini mbili zinazobana mikono ya pedali kwenye mhimili) zilikuwa za chuma, nzima, zimelegea tu na kushika kutu. Nami kwa kupenda sifa (mtoto wa Lubumbashi na shaba, mnatujua) nikazitia mfukoni, nikachonga nyingine za shaba nyekundu, zikang'aa utadhani pete.

Siku ya kuirudisha, kwenye tambarare zilikaa. Kwenye kilima cha mwisho, nilipoona ukoo mzima umeketi uani, nikasimama juu ya pedali ili nionekane vizuri, shaba ikapondeka, pedali moja ikazunguka peke yake, nami nikatua kifudifudi katika beseni la unga wa bukari (ugali wetu), miguuni pa mama mkwe, mtu ambaye kwetu hata macho humkazii. Niliinuka mweupe. Mwamini akakimbilia ndani, na mzee, bila kucheka, akaniambia nisukume tu mpaka kwetu.

Nilijichukia, wallahi. Nikaomba nyundo, nikatoa zile za chuma mfukoni, nikazichomeka moja ikitazama juu na nyingine chini, kwani zikitazama upande mmoja pedali hazinyooki. Lakini mkono wa pedali haugongwi hewani, utaharibu mhimili, na sikuwa na cha kuuegemeza. Mama mkwe, ambaye hasemi nami, akamwambia mumewe: "Umwambie aweke yulu ya kinu," yaani juu yake.

Kinu kikapinduliwa. Nikagonga mpaka mlio wa nyundo ukabadilika, ndipo nikakaza nati (inayoingiza klaveti ni nyundo, si nati).

Mzee alipanda mwenyewe, akampakia mkewe nyuma, wakateremka kilima, wakakipanda tena, pedali kimya. Furaha ilinijaa mpaka machozi, unga bado puani.

"Ambia bakubwa bako bakuye," akasema, yaani wazee wangu waje kuposa.

Wakaja, tukaoana. Tangu hapo nimeapa: penye chuma naweka chuma, na nikifika kile kilima nashuka, nasukuma, nasalimia wakwe nikiwa nimesimama.