Maoni ya Bi Salme wa Barabara ya Kumi na Mbili

Bi Salme Shaib amechora hina na piko, ile rangi nyeusi ya maharusi, huko Tanga kwa miaka thelathini na moja. Alizaliwa Pemba, akaolewa Ngamiani, akafiwa na mume, akabaki hapo hapo barabara ya kumi na mbili. Kina mama wa mtaa wanamjua kwa ua lake la mkarafuu, ambalo wachoraji wengine wamejaribu kuliiga wakashindwa, na wanamjua pia kwa ulimi wake.

Ulimi huo ulipata umaarufu kwa sababu ya filamu. Bibi harusi anayechorwa piko hukaa saa nne nzima, mikono na miguu kainyoosha, hawezi hata kujikuna. Ili asichoke, huwekewa filamu. Nyingi ni za nje zilizotafsiriwa, zile ambazo kijana mmoja huongea Kiswahili juu ya sauti za waigizaji na kueleza kila kinachotokea. Bi Salme, akiwa ameketi mkekani na kijiti chake mkononi, alikuwa akitoa maoni papo hapo, na wanawake waliokuja kumsindikiza bibi harusi walikuwa wakimsikiliza yeye kuliko filamu.

Nasma, binti wa kaka yake, ndiye aliyeanza kumrekodi kwa simu. Sauti ya kwanza aliyoituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ilihusu filamu ya kutisha.

"Jini huyu ana kelele mno," alisema Bi Salme. "Anavunja vioo, anapiga milango. Atamtisha nani? Jini wa kutisha ni yule anayebisha hodi, akaketi, akakuuliza hali za watoto wako mmoja mmoja kwa majina yao, na wewe hujapata kumwona."

Kabla wiki haijaisha sauti ile ilikuwa imesikika Pangani, Maramba, hata kwa wauza chai wa Horohoro mpakani. Watu wakaanza kuomba nyingine. Kuhusu filamu ya mapigano alisema kwamba shujaa amewapiga watu ishirini na hakuna hata mmoja aliyeuliza anapigwa kwa kosa gani. Kuhusu wapenzi waliokuwa wakikumbatiana mvuani kila baada ya dakika kumi, alisema angependa kumwona mmoja wao akiwa na mafua. Filamu ya watu waliosafiri angani kwa miaka mingi ilimhuzunisha. "Wamekwenda mbali kote huko," alisema, "kumbe mtu alikuwa anamtafuta baba yake, aliyekuwa anakaa naye nyumba moja." Sauti hiyo Nasma aliisikiliza mara mbili kabla ya kuituma.

Mambo yaliharibika siku alipokuwa akimchora Hasina, bibi harusi wa Makorora. Siku hiyo waliweka filamu ya hapa hapa nyumbani, *Tangu Alasiri*, iliyotengenezwa Pangani na Mselem, kijana anayepiga video za harusi. Ilimchukua miaka miwili. Katikati ya filamu, mtu anafuatwa mkahawani na kuambiwa kwamba mama yake amefariki. Baada ya habari hiyo haongei mtu. Zinasikika sahani, glasi na mtu akitafuna tu.

"Hebu sikieni," alisema Bi Salme, macho yake yako kwenye kiganja cha Hasina. "Kaambiwa mama'ke kafa, yeye anatafuna! Mtu wa wapi huyo? Aliyetengeneza filamu hii hajapata kufiwa."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Nasma akaituma.

Siku tatu baadaye Mselem alikuwa na onyesho la filamu yake Pangani. Ukumbi ulikuwa na viti mia, wakaja watu kumi na moja, na wawili kati yao walikuja kumtania. "Ndiye wewe usiyejua msiba?" walimwuliza mlangoni.

Jumatano iliyofuata, asubuhi, Bi Salme alisikia hodi. Akamkaribisha kijana mrefu mwenye mkoba begani.

"Shikamoo, Bi Salme."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

"Mimi ni Mselem. Wa ile filamu."

Nasma, aliyekuwa akimenya muhogo uani, aliacha kumenya. Bi Salme alijiandaa kwa ugomvi, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukimbia ugomvi. Lakini kijana aliongea taratibu.

"Mama yangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Kaka yangu Rahimu alinikuta mkahawani nakula wali na samaki, akaniambia. Nami nikaendelea kula, Bi Salme. Nilikula mpaka sahani ikaisha, nikaomba maji ya kunawa. Mpaka leo sijui kwa nini. Kaka aliona ni dharau, na tangu siku ile hatuongei isipokuwa salamu. Ndiyo maana nikatengeneza filamu, nimwonyeshe."

"Umwonyeshe nini?"

"Uso wangu. Yeye alisimama nyuma yangu. Hakuuona."

Bi Salme aliangalia vidole vyake, vyeusi kwa piko mpaka kwenye kucha.

"Mwanangu," alisema, "hata mimi sikuuona. Nilikuwa nachora. Nikichora siinui kichwa, mstari utapinda. Filamu zote hizi nilizozisema, nimezisikia tu. Zile nyingine zina mtu wa kunieleza. Yako haikuwa naye."

"Miaka yote hii, shangazi?" Nasma aliuliza kutoka uani.

"Miaka yote."

Akaomba aonyeshwe. Mselem akatoa kompyuta mkobani, akaiweka juu ya stuli. Bi Salme alikaa kwenye kiti, mikono mapajani, bila kazi yoyote. Akamwona mwigizaji akipokea habari bila kugeuka. Akamwona akitoa miba ya samaki mdomoni na kuipanga pembeni ya sahani, mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu mkubwa, kama mtoto aliyeonywa asichafue meza. Taya zilitafuna, lakini macho yalikuwa yamesimama mahali pamoja, makavu, hayaoni kitu.

"Rudisha," alisema. Alirudishiwa mara tatu.

"Mimi nilipofiwa na mume wangu nililia mpaka nikazimia," alisema mwisho. "Nikadhani msiba ndio huo, hakuna mwingine. Nisamehe, mwanangu."

Siku ile ile alimwita Nasma na simu yake. Alisema wazi kwamba aliihukumu filamu asiyoitazama, na kwamba mtu yule anayekula ndiye mfiwa wa kweli kuliko wote aliowahi kuwaona kwenye filamu. Kisha, kwa kuwa alikuwa Bi Salme, akaongeza: "Ila muziki umezidi. Mama wa watu hawezi hata kukohoa bila vinanda kuanza. Na daktari anaongea kama anasoma matangazo ya vifo redioni. Hayo siyaondoi."

Onyesho la pili Pangani lilijaa. Bi Salme alikwenda, akakaa safu ya mbele. Rahimu naye alikuja, akasimama nyuma kabisa karibu na mlango. Filamu ilipokwisha hakuondoka. Watu walipotawanyika, alivua koti lake, akaanza kukusanya viti. Mselem akaungana naye. Walibeba viti vyote mia, viwili viwili, mpaka stoo.

Siku hizi sauti za Bi Salme zimekuwa chache. Hasemi juu ya filamu ambayo hajaikalia kitini, na muda wa kukaa kitini anaupata mara moja kwa mwezi. Kundi linalalamika kwamba amepoteza utamu. Nasma anakubaliana nao kidogo.

Mwezi uliopita Mselem alimletea kisa chake kipya, bado kiko kwenye karatasi. Nasma alimsomea chote.

"Huyu mke wa pili unamchukia," Bi Salme alimwambia Mselem. "Sijui kakukosea nini. Kila anapofungua mdomo unamfanya mjinga. Nenda ukamfikirie upya."

Mselem alikusanya karatasi zake, akaaga kwa adabu, uso umemsawijika. Mpaka sasa hajarudi. Nasma amesikia kwamba anaandika tena kuanzia mwanzo.