Maneno Niliyoyanywa

Kamusi ile ya Kiingereza haikuwa na jalada, wala kurasa za herufi A. Mjomba, aliyekuwa akibeba saruji kwenye ujenzi wa bandari ya Mtwara, aliipata kwa Mzungu aliyekuwa anahama, akaniletea Mikindani. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Baba alishasema neno lake: nikifaulu mtihani wa kuingia chuo cha ualimu, niende, nikishindwa, posa ya binamu inajibiwa. Binamu mwenyewe hakuwa mbaya, ila mimi simtaki, basi!

Mchana, nyumba nzima ikisinzia, nilijilaza mkekani na kamusi kifuani. Upepo uliingia na harufu ya maua ya mikorosho. Katika mang'amung'amu yale maneno magumu yalinipitia, marefu, matamu kutamka, sijui yanatoka wapi yanakwenda wapi. Niliyapenda hivyo hivyo. Nikizinduka, yote yamekwenda zake. Nililia kwa hasira.

Ndipo nikawaza kombe. Kwetu mtu akiugua, aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, maandishi yakaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Mimi nikaandika Kiingereza: maneno ishirini, duara ndani ya duara, kwa mwandiko wangu mzuri kama nguo ya Idi. Nilikuwa nameza funda la mwisho bibi yangu, mama yake baba, alipoingia.

"Unaumwa?"

"Siumwi, bibi. Ni maneno ya mtihani."

"Astaghfirullah! Na zafarani yangu!" Akakaa kitako, akacheka mpaka ushungi ukamporomoka. "Haya, mke mwenzangu, umekunywa nini hasa? Nieleze."

Nikamwambia *reluctant* ni mtu anayefanya jambo huku moyo unamvuta nyuma.

"Babu yako siku ya kuchimba muhogo," akasema papo hapo.

*Solitude*, nikasema, ni kuwa peke yako.

"Peke yako kwa kupenda, au kwa kuachwa?"

Nikafungua kamusi tena.

Tangu siku hiyo, kila mchana nilileta neno, naye akaleta mtu: jirani, shemeji, marehemu fulani. Hata siku ya mtihani, mtahini, mama mmoja wa Kizungu, akiniuliza maana za maneno, niliwaona watu wa mtaa wetu wakipita taratibu mbele yangu, mmoja mmoja, nami nikajibu nikitabasamu kama mwehu.

Barua ilipokuja, baba aliisoma mara mbili, akavaa kofia, akaenda kuwataka radhi wakwe ambao hawakuwa wakwe tena. Mimi nilikimbilia uani, bibi anamenya muhogo.

"Bibi, nimefaulu!"

Akaweka kisu chini. "Mimi nilikuombea ushindwe," akasema. "Kila sala. Kwa binamu yako ni hapo tu, ningekuona asubuhi na jioni."

"Sasa mbona ulinifundisha?"

"Ungekaa na mimi mchana kutwa kwa lipi lingine?"