Neno Ambalo Shangazi Hakuliandika

Shangazi yangu, dada yake baba, anatunza panya wa maabara mwaka wa kumi na tisa sasa, na mtu akisema mbele yangu kwamba hiyo si kazi ya maana, tutagombana. Kazini wanamwita Mama Panya. Huitika kwa kicheko, kisha humwamuru aliyemwita avue viatu kabla hajakanyaga sakafu yake.

Chumba chake hakina dirisha. Kina rafu za vizimba vya plastiki vilivyotandikwa maranda, na kila kizimba kina kadi: rangi ya dume, rangi ya jike, siku waliyokutanishwa, idadi ya vichanga waliozaliwa.

Vipenzi vyake ni panya wa manjano. Ni wanene, wapole, hawana neno na mtu. Agizo la zamani lilisema wa manjano aoanishwe na mweusi, lakini aliyelitoa alistaafu bila kueleza sababu, na daktari aliyemrithi, kijana wa mbio mbio, hakuuliza. Shangazi akatamani rafu moja ya manjano matupu. Akaoanisha wa manjano kwa wa manjano.

"Ndege wa rangi moja huruka pamoja," aliniambia, kana kwamba methali imesomea uzazi.

Wapi! Kila uzao ulitoka mchanganyiko, weusi wakichomoza katikati ya wa manjano. Tena ukapungua. Vizimba vingine vilileta vichanga wanane, vile vya manjano kwa manjano sita.

Daktari akaziona kadi.

"Mama, wawili wanakwenda wapi kila mara?"

"Hawaendi popote. Niliowakuta ndio niliowaandika."

"Basi mama zao wanawala. Panya akisumbuliwa hula wanawe. Andika hapo, 'wameliwa.' Na ikiendelea hivi, nakutoa humu nakupeleka kuosha chupa."

"Chupa nitaosha. Hilo neno siandiki."

Daktari alidhani ni ukaidi. Mimi namjua. Zamani shangazi alishika mimba nne, na zote zikatoka changa. Mama mkwe wake, huku akichambua mchele mbele ya wageni, akasema mwanawe ameoa mwanamke anayekula watoto. Ndoa haikudumu. Shangazi akarudi kwetu na sanduku moja, akanilea mimi. Neno lile yeye hajalisahau, na mimi sijalisamehe.

Kwa wiki mbili alichekecha maranda ya wale panya kama mtu anayechekecha unga. Kisha akamwita daktari.

"Panya akila mwanawe huacha kitu. Damu, hata kipande cha mkia. Nionyeshe hapa."

Hapakuwa na kitu. Daktari, nampa haki yake, alikwenda kusoma. Aliporudi aliomba jike mmoja wa manjano mwenye mimba ya siku nne ya dume wa manjano. Shangazi alimchagua mwenyewe, akageuza uso wakati wa kuuawa kwake. Mimba ilipooshwa na kutolewa, daktari akamwekea shangazi kiti mbele ya hadubini.

Aliona vidonge vinane, kila kimoja kidogo kuliko chembe ya chumvi. Sita vilikuwa duara, safi, na uwazi wa maji katikati. Viwili vilikuwa vimekunjamana.

"Jeni ya manjano ikitoka kwa mzazi mmoja, inapaka manyoya tu," daktari alisema taratibu. "Ikitoka kwa wote wawili, kitoto hakiwezi hata kujishikiza tumboni. Hilo badiliko lililoleta rangi limeharibu na jeni ya jirani, ambayo mimba changa inaihitaji. Ndiyo maana walisema aoanishwe na mweusi. Ilijulikana siku nyingi, mama. Mimi ndiye sikusoma."

"Kwa hiyo nimekosea."

"Kuoanisha, umekosea. Lakini hakuna aliyekula mtu. Nisamehe."

Shangazi hakuondoa jicho.

"Mama yao anajua?"

"Hapana. Kwake ni kama hawakuwapo."

"Walikuwapo," shangazi akasema. "Si hawa nawaona?"

Siku ile ile alirudisha wa manjano kwa weusi, akiwaomba radhi mmoja mmoja, mpaka daktari akacheka. Kwenye kadi zote za zamani, palipoandikwa sita, aliongeza kwa mwandiko wake wa herufi kubwa: "WAWILI HAWAKUFIKA." Daktari hakufuta.

Kadi moja ilipomaliza kazi yake alikuja nayo nyumbani, akaibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Niliiona nikitafuta sahani. Chini ya mstari ule ameongeza mwingine, kwa penseli, ambao si wa panya: "Na wangu wanne."